Tito na Yule Mama wa Mferejini

Wewe Tito mjukuu wangu, toka huko ghalani ulikojificha!

Nimebandika karatasi hii hapa mlangoni pa soko msome wote. Asiyejua kusoma asomewe.

Leo asubuhi Tito katukuta kwenye vinyungu vyetu, vile vibustani vya bondeni. Kavaa viatu. Kampuni yake ya Iringa huwashauri walowezi namna ya kupanga kazi za mashamba, basi akaona atushauri na sisi.

Akamwona Mama Semkiwa amekaa kule juu.

"Bibi, yule anakula bure. Apewe jembe."

"Haya, bwana mkubwa." Nikamwita Mama Semkiwa, nikampa jembe.

Hatukumaliza hata tuta moja. Maji yakashuka, yakabeba maharage yangu machanga, karatasi za Tito na kiatu kimoja.

Maana Mama Semkiwa ndiye mchunga mfereji! Kazi yake ni kukaa na kutazama maji, ayafunge kabla hayajatufurikia.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Sasa Tito anasema ataacha kazi ya kampuni. Aache nini! Kazi hiyo imemvisha, imempandisha gari, imemwingiza kwenye mashamba ya chai na pareto ambayo mimi nayaona kwa nje tu. Ubaya wake ni huu: anashauri leo, kesho yuko kwingine, maharage yakifa hayupo.

Na wewe uliyecheka hapo unaposoma, njoo ucheke mbele yangu.

Tito, kesho alfajiri njoo na jembe, upande upya maharage yangu. Kisha ukae mferejini na Mama Semkiwa mpaka jua lizame. Jumatatu urudi kazini, hata kwa kiatu kimoja.