Maneno Matano ya Golikipa

Juzi nilifungua begi la mazoezi la mwanangu, lililosahauliwa nyuma ya gari wiki nzima, na harufu iliyotoka humo ikanikalisha kitako kwenye ngazi za nyumba yetu ya Northfield. Si harufu nzuri, sitawadanganya. Ni ngozi iliyolowa jasho, ikakauka, ikalowa tena, ikavunda. Mwanangu alisema, "Mum, that's disgusting," akaenda zake. Mimi nilikuwa nimerudi Perry Barr, mtaa tuliokaa zamani hapa Uingereza, nina miaka tisa, naogopa.

Harufu ile ilikuwa ya Tapio. Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, Mfini mrefu kuliko mlango wetu, na kazi yake ilikuwa kudaka katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Klabu yake ilikuwa mji wa pili, nusu saa kwa gari, nayo ndiyo iliyompangia ile nyumba. Sisi tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Baba alibaki Unguja na duka lake. Mama alishona viti vya magari kiwandani, na sebuleni alikuwa na cherehani nzito yenye sindano ya kupenya ngozi. Tapio aliiona dirishani. Siku ya pili akabisha hodi, mkononi ana glavu ya kudakia, kubwa kama sinia, imechanika kiganja.

Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama alinitazama, akasema kwa Kiswahili, "Huyu kalelewa." Kwao Finland, kumbe, kuingia na viatu nyumbani kwa mtu ni aibu kama kwetu. Basi ikawa kila akija na glavu zake, mama anauacha wazi mlango wa nyuma, kwa kuwa mwanamume asiye mahram, asiye ndugu yetu wa damu, yumo ndani. Januari nzima tukatetemeka kwa ajili ya heshima. Tapio peke yake hakusikia baridi. Alipotueleza kwamba kwao watu hujifungia kwenye kichumba cha moto watoke jasho, mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia, akasema joto la bure la Unguja wenzetu wanalijengea chumba.

Habari za kazi yake nilizipata kidogo kidogo, nikiwa nimekaa kwenye ngazi na yeye akingoja glavu. Alianza na miaka minne, kwenye ziwa lililoganda nyuma ya kiwanda cha mbao cha baba yake. Alipofika kumi na minane, klabu kubwa ya kwao ikamsajili, akakaa benchi miaka sita akimtazama golikipa mwingine akidaka. Aliniambia mgongo wa yule mtu anaujua kuliko uso wa mama yake. Baada ya hapo ikawa Sweden, Latvia, Slovakia, mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na kila alikokwenda yeye ni wa akiba, wa kuwafungulia wenzake kigeti cha kuingilia barafuni na kuwajazia chupa za maji. Miaka thelathini na sita ilimkuta Uingereza, kwenye ligi ambayo kwao hakuna aliyeifuatilia, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza maishani alipokuwa golikipa namba moja. Alilitaja neno hilo, namba moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na wa kumpokonya.

Kila alasiri nikirudi kutoka shule nilimsikia akitupa mpira wa tenisi ukutani na kuudaka, kuyafanyisha macho mazoezi. Tak, halafu kimya cha kiganja, halafu tak. Nilifanyia hesabu zangu za shule kwenye sauti hiyo.

Tena tulikuwa na mchezo wetu. Tapio alikuwa na karatasi yenye maneno matano: kijiko, mwezi, sabuni, farasi, daraja. Mimi nayasoma, yeye anayarudia. Tunazungumza mengine, kisha namshtukizia, naye anayarudia tena. Halafu anataja miezi ya mwaka kutoka Desemba kurudi nyuma. Akipatia yote, nami napata chokoleti chungu ya kwao ambayo sikuipenda na sikuwahi kuikataa. Nilidhani ni mchezo wa watoto wa Finland.

Jumamosi moja alitupa tiketi. Mama alivaa makoti mawili na kubeba chupa ya chai ya tangawizi. Nilimwona Tapio akigonga miamba ya goli lake kwa gongo, kushoto, kulia, kushoto, kama alivyofanya kila mara kabla ya mchezo kuanza upya. Katikati ya mechi mchezaji wa upande wa pili akateleza kwa kasi, hakuweza kujizuia, akamsukumiza Tapio kwenye mwamba. Kofia yake ya chuma ikamtoka, ikaenda zake barafuni. Mama alinishika mkono akaanza kusoma dua.

Daktari wao alimketisha benchi, akainama kumsemesha. Tulikuwa safu ya pili, niliiona midomo ya Tapio vizuri. Kijiko, mwezi, sabuni, farasi, daraja. Nilijivuna, jamani, sitaficha. Nilijiona mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Tapio akarudi golini watu wakimpigia makofi, akanyoosha gongo kugonga mwamba wa kushoto. Akapiga hewa.

Kesho yake mchana alileta glavu, imechanika tena. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki. Tapio akanitazama nilipokaa, akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia. Akaniuliza naitwa nani.

Mwaka na nusu alikuwa ananiita Zuhura kila siku ya Mungu.

Nilimtajia jina langu. Akacheka kicheko kifupi, akasema alikuwa ananijaribu. Halafu akainama, akaninong'oneza nisimwambie mtu, hata mama. "Wakisikia, wataleta golikipa mwingine," alisema. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa elewa hofu yangu ilivyokuwa. Mama alikuwa na kisa cha mjomba wake, alinihadithia kila nikirukaruka kitandani: alianguka ngazini, akasema hana neno, akala chakula chake, akajinyoosha, hakuamka. Na mama huyo huyo alinifundisha kwamba ya nyumba ya watu hayatoki. Nikafungwa huku na huku. Wiki ile kila siku nilitoka shule mbio, nikaegemeza sikio ukutani, nikasikiliza. Tak, halafu mpira unadunda sakafuni. Tak, unadunda tena. Jumatano haukusikika kabisa. Nilisimama pale na sare yangu ya shule mpaka miguu ikafa ganzi, nikiomba Mungu hata akohoe tu. Alipokohoa nililia.

Alhamisi nilifanya wizi. Mama, kama kina mama wote wa kwetu waliokuwa ugenini, alikuwa na sanduku chini ya kitanda lisiloisha kujazwa: sabuni, vitenge, mafuta ya nywele, zawadi za siku atakayokwenda nyumbani. Glavu ilikuwa imekwisha kushonwa, inangoja mwenyewe. Niliifukia humo chini ya mataulo. Nilijiambia asipokuwa na glavu, Jumamosi hatacheza, na asipocheza hatakufa.

Ijumaa alasiri akaja kuichukua. Mama aliinua mito, akafungua makabati, akachungulia hata ndani ya oveni. Uso ulimwiva. Sijapata kumwona amefedheheka vile. "Zuhura, amana ya mtu hii," alisema. "Mtu kaniamini na chake. Hebu nisaidie kutafuta, mwanangu." Nami nikatafuta pamoja naye, Mungu anisamehe, nikainua zulia.

Tapio alikuwa amesimama mlangoni, hana viatu, mkono mmoja ameshika ukuta. Akamwambia mama polepole, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba asihangaike. Pengine hakuileta. Pengine ameiacha mahali, siku hizi anasahau. Akaanza kuomba radhi. Nikamtazama usoni, nikaona kwamba hamfichi mama kitu. Alisadiki aliyoyasema. Hakujua tena kama glavu aliileta au hakuileta, na aliogopa. Mtu mzima akiogopa hivyo mbele ya mtoto, mtoto hana pa kukimbilia.

Nikasema yote. Karatasi, maneno matano, jina langu, mpira unaodunda. Nilisema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nikachanganya, nikalia makamasi. Nikaliburuta sanduku hadi sebuleni.

Mama hakunipiga, wala hakunikemea. Aliitoa glavu, akaifuta, akaipakata kama mtoto. "Tapio," alisema, na Kiingereza chake cha kiwandani, "this glove, today I not give. You sit down." Akaita teksi.

Kule hospitali walisema ubongo ulikuwa umetikiswa, na haikuwa mara ya kwanza, wala ya pili. Barafuni hakurudi tena. Wiki chache baadaye klabu ilimleta golikipa mwingine, naye Tapio akafunga mizigo kurudi kwenye mbao za baba yake. Nilijificha chooni asinione, maana nilijua ni mimi niliyempokonya ile namba moja yake. Mama alinitoa kwa nguvu. Tapio alinikabidhi ile glavu, akasema, "Kwaheri, Zuhura," neno mama alilomfundisha, akaondoka. Hakusema asante, wala hakusema kwamba nilimkosea.

Ndani ya glavu nilikuta ile karatasi. Chini ya maneno matano ameandika jina langu, mara kumi na moja, kwa kalamu mbalimbali. Nilifurahi mno. Niliona kwamba amenipenda, hataki kunisahau.

Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka karatasi ile ilikuwa ya kazi gani. Ilikuwa ya kudanganyia daktari, ambaye huwapima kwa maneno kama yale waliogongwa kichwa, na jina langu liliongezwa humo siku zile za mpira kudunda, ili nami nidanganyike, nisimshtukie tena. Nilikasirika siku nzima. Halafu nikaitoa glavu kabatini, nikainusa, hasira ikanitoka. Wiki ile nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeegemea ukuta ule nikiogopa. Kumbe upande wa pili alikaa mtu aliyengoja miaka thelathini zamu yake ifike, kichwa kinamuuma, anaandika jina la mtoto wa jirani, analifunika kwa kiganja, anajaribu kulitaja.