Dirisha la Bafuni Mbele ya Wakwe

Nyumba yetu ya zamani hapa Woodbridge, ughaibuni, ina dirisha ndani ya bafu, linalotazama uani. Wakwe walipotaka kuja kumposa binti yetu, nikalibandika karatasi inayong'aa kama kioo. Mchana nilichungulia kutoka nje, nikaona sura yangu tu. Mke wangu alisema tuite fundi, nikambishia.

Jioni ya posa, giza lilipoingia, wageni walikaa uani. Mimi, niliyenuka moshi wa nyama choma, nikakimbilia kuoga kabla ya mazungumzo. Nikawasha taa. Dirishani nilijiona mwenyewe, basi nikacheza dansi ya ujanani, nikikata kiuno.

Ghafla dirisha likagongwa kutoka uani.

"Baba, zima taa!" binti yangu akapiga kelele. "Kioo kimegeuka, tunakuona!"

Baba wa mchumba akakohoa. "Shikamoo, mzee."