Mtu wa Tatu Mwenye Jina la Risarenge

Makarani wa sensa huapa. Nami niliapa mbele ya hakimu, mkono juu, kwamba sitatoa nje habari za kaya yoyote nitakayoihesabu. Kwa hiyo kabla ya kukusimulia haya nilikaa nikajiuliza kama navunja kiapo. Nimeona sivunji, kwa sababu kaya ninayoizungumzia haimo katika hesabu za serikali. Ilifutwa. Lakini nilifika pale kwa miguu yangu, saa nane mchana, nikakaa kwenye kigoda nilichopewa, na niliyoyaona hayakuwa ndoto wala malaria. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kutunga siwezi, hata insha za shule zilinishinda.

Nianze na jina. Jina langu la ukoo ni Risarenge. Huku kwetu, kuanzia Tarime mpaka Serengeti, ukisimama mnadani ukaita "Chacha!" nusu ya mnada itageuka, na waliobaki watageuka ukiita Marwa au Mwita. Ukiita Risarenge watadhani unamwita ng'ombe. Shuleni walimu walilisoma mara mbili. Pale Sirari, mpakani na Kenya, askari mmoja alishika kitambulisho changu akaniuliza kama mimi ni Mkenya, na nilipovuka, mwenzake wa ng'ambo akaniambia, "Hili jina ni la huko kwenu Tanzania." Basi nikawa sina kwetu.

Kwa kuwa napenda hesabu, nililihesabu. Tangu chuoni nilikuwa na daftari. Kila orodha ya majina niliyokutana nayo, ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani, ya matokeo ya mitihani, hata ya waliochangia ujenzi wa kanisa, nilipitisha kidole nikimtafuta Risarenge mwingine. Niliulizia Nyansurura, niliulizia Tarime mjini, nikawasumbua watu kwa simu. Jibu lilikuwa lile lile: wawili. Mimi na mdogo wangu Chacha. Halafu Chacha, ambaye ni mchimbaji wa dhahabu huko Tarime, akala kiapo akabadili jina, akawa Chacha Mwita. Nikampigia mstari kwenye daftari. Nikabaki mimi.

Hapa lazima nieleze jambo, hasa kwako usiye Mkurya. Mimi nimezaliwa katika nyumba ntobhu. Bibi yangu, Robi, alikuwa mjane aliyebaki bila mtoto wa kiume. Kwa mila yetu mwanamke kama huyo hutoa ng'ombe akaoa msichana. Msichana yule huzaa, na watoto ni wa nyumba ile, wanabeba jina la nyumba ile. Mwanamume anayekuja jioni hana dai lolote juu yao. Msichana aliyeolewa na bibi ndiye mama yangu, Bhoke. Mwanamume aliyekuwa akija jioni alikuwa Mzee Mwita, jirani yetu pale Kisaka, mtu mpole asiyepandisha sauti. Ndiye aliyeninunulia viatu vya kwanza vya shule. Nami nilikuwa namwamkia "shikamoo mzee" na kupita, kama ninavyomwamkia mzee yeyote njiani.

Alipofariki nilikaa msibani nyuma kabisa, pamoja na majirani. Watoto wake wa ndoa walitupa udongo kaburini, mimi nilishika sahani za wageni. Iliniuma, na bado inaniuma. Ndipo nikaamua na mimi nibadili jina, nichukue la mtu niliyemjua. Huyo Risarenge alikuwa nani kwangu? Tulivyojua sisi watoto, alikuwa mwana wa pekee wa bibi, alifariki kijana, na mama aliolewa kwa jina lake. Sikuwahi kuona picha yake wala kaburi lake. Wakili wa Mugumu akaniandalia hati, ikabaki saini yangu tu. Siku ile ya sensa hati ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye bahasha, nikisubiri Ijumaa niipeleke.

Nilikuwa nimepangiwa kitongoji kimoja upande wa Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ananizungusha nyumba kwa nyumba. Siku ya pili, mchana, akapigiwa simu kwamba tembo walibomoa ghala la mtu usiku na mwenye ghala anataka uongozi uje uone.

"Mwalimu, malizia hapa kwa Mama Nchagwa, halafu unisubiri," akaniambia. "Kijito usivuke. Ng'ambo hakuna watu."

Nilimaliza, nikasubiri. Ng'ambo ya kijito nikaona ua wa minyaa, paa la nyasi, na mtu anatembea uwanjani. Sasa niambie, karani aliyefundishwa wiki nzima kwamba asiache hata kaya moja, angefanya nini? Nikavuka.

Mbwa hakubweka, maana hakukuwa na mbwa. Alikuwepo mwanamume wa miaka sitini hivi, amevaa koti la kahawia lililobakiwa na kifungo kimoja, anasokota kamba ya katani ya kufungia ng'ombe. Zizi lilikuwepo, miti yake imesimama imara, lakini ndani yake nyasi mbichi zilikuwa zimeota mpaka magotini. Hakuna kwato iliyowahi kukanyaga pale. Niliona, nikajiambia wizi wa mifugo umemfilisi mzee wa watu, jambo ambalo huku si geni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Nimekungoja."

Wiki ile kila mtu alikuwa anamngoja karani, kwa hiyo sikushtuka. Nikafungua kishikwambi, nikamwuliza jina la mkuu wa kaya.

"Risarenge," akasema.

Niamini, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Miaka yote ile ya daftari, na huyu hapa, mtu wa tatu! Nikamwuliza, Risarenge nani?

"Risarenge tu. La mbele hawakunipa."

Nikamwuliza umri, akasema hajui. Hilo tulifundishwa: asiyejua mwaka wake muulize matukio. Kwa Mkurya, tukio lisilosahaulika ni tohara, kwa sababu kila rika lililotahiriwa lina jina lake na mwaka wake unajulikana. Nikamwuliza alitahiriwa na rika lipi.

"Sikutahiriwa."

Wewe unayewajua Wakurya, umewahi kusikia hilo? Mwanamume mwenye mvi, ameketi uwanjani kwake, anamwambia hivyo mwanamke wa umri wa binti yake, tena bila haya? Alilisema kama mtu anayesema hana mwavuli.

"Mwaka wa wenzangu ulipofika hawakuniita," akaongeza. "Sikuwepo."

Kishikwambi hakikubali kuendelea bila umri. Nikaandika sitini kwa makadirio, nikaenda swali linalofuata, lile ambalo sensa nzima imejengwa juu yake: usiku wa kuamkia siku ya sensa, ulilala hapa?

"Nililala hapa."

"Nani mwingine?"

"Peke yangu. Mama alikuwa akilala hapa zamani. Alihamia Kisaka."

Kisaka ndiko kwetu, ila mdomo uliendelea wenyewe. Nikamwuliza hali ya ndoa.

"Nimeoa. Mama aliniolea. Mke wangu yuko Kisaka, anaitwa Bhoke. Hatujaonana."

Watoto?

"Wawili. Mkubwa ni mwalimu. Mdogo ni Chacha, lakini huyo aliniondoa. Usimwandike."

Akaacha kusokota kamba, akautazama mkoba wangu.

"Na wewe unayo karatasi humo."

Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira, maana hasira najibizana nayo. Alisema taratibu, kama mtu mwenye haki ya kusubiri jibu.

"Sikukatazi, mwanangu. Mwita alikununulia viatu, namshukuru. Ila leo wewe ndiye mwenye maswali, basi na mimi nina langu moja. Ukishaniondoa, sensa nyingine ikija wakaniuliza nimelala wapi, niwaambie nimelala wapi?"

Nikabonyeza kuhifadhi, kwa mazoea tu, nikasimama, nikaaga. "Karibu tena," akaniambia. Nilivuka kijito bila kuvua viatu. Kugeuka nyuma sikugeuka. Wanaosimulia kwamba waligeuka, mimi huwa nadhani hawakuogopa vya kutosha.

Mwenyekiti alinikuta kwa Mama Nchagwa nimelowa mpaka magotini.

"Si nilikwambia usivuke?"

"Kuna mzee pale," nikamwambia, nikanyoosha mkono.

Akatazama, nami nikajilazimisha kutazama. Minyaa ilikuwepo, imeachwa mpaka imekuwa miti. Paa halikuwepo. Nyasi tupu, na mchwa wamejenga kichuguu katikati.

"Pale palikuwa kwa bibi mmoja, Robi," akasema. "Alihama zamani sana. Mimi mwenyewe nasimuliwa tu."

Jioni msimamizi akanipigia. Kaya ya mtu mmoja, mwanamume, miaka sitini, ramani inaonyesha pori. Nikamwambia aifute, nilikosea. Akaifuta. Ijumaa ikapita, kwa wakili sikwenda.

Jumamosi nilikuwa Kisaka. Mama alikuwa uwanjani anapepeta maharage. Nikamwamkia, nikakaa, na kabla hajauliza habari za kazi nikamwuliza mimi: Risarenge alifariki kwa ugonjwa gani?

Mama akanitazama, akacheka kidogo.

"Alifariki? Nani amekwambia? Hakuzaliwa."

Akanieleza huku ungo ukiendelea. Bibi Robi alizaa mabinti watupu. Alipotaka kuoa, mila ilimruhusu kumwolea mwanawe ambaye Mungu hakumpa. Yule mwana alihitaji jina. Majina yote ya huku yana wenyewe, ukimwita Chacha au Marwa, kesho utasikia ukoo fulani unasema watoto hawa ni wetu. Bibi aliogopa kunyang'anywa wajukuu. Akazunguka kwa ndugu na mashemeji akitaja jina moja baada ya jingine, akiuliza kama kuna mtu, hai au marehemu, aliyewahi kuitwa hivyo. Lililokosa mwenyewe kila alikopita, akalichukua.

Kumbe ndiyo sababu ya daftari langu kukaa tupu. Jina lilichaguliwa ili asiwepo mtu wa kuhesabiwa.

Mzimu wa mtu aliyekufa ningeuelewa. Wafu wana njia zao na sisi tuna namna ya kusema nao. Lakini yule niliyekaa naye hakuwahi kufa. Hakuwahi hata kulia kilio cha mtoto mchanga. Alianza siku bibi alipolitamka jina, akaachwa kule peke yake na zizi lisilo na ng'ombe, na akazeeka.

Nikamsimulia mama yote. Hakushtuka. Aliweka ungo chini, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Anafananaje?"

"Mrefu. Amevaa koti la kahawia. Anasokota kamba."

"Amezeeka?"

"Amezeeka, mama."

"Basi tumezeeka wote," akasema, akachukua ungo wake.

Jioni ile niliitia hati jikoni, chini ya chungu cha makande, ikawaka. Kesho yake nilipita kwenye kaburi la Mzee Mwita, nikamwomba radhi, na kwa mara ya kwanza nikamwita baba, kwa kuwa hakuna jina linalonizuia kusema hivyo. Chacha nimemweleza kwa simu, alicheka. Jina hajarudisha, wala simlazimishi.

Sasa napanga Mugumu, vyumba viwili, nakaa peke yangu. Kila jioni natandika mkeka kwenye chumba cha mbele. Mashoga zangu wakiuliza nasema ni wa wageni. Asubuhi naukuta ulivyo, haujakunjwa wala kulaliwa, nami naukunja. Mama naye, nimesikia kwa majirani, ameanza kuacha mlango wake bila komeo.

Kwa hiyo wewe unayeona jina lako ni zito, au la ajabu, au halina watu, nenda kalibadilishe ukitaka, sheria inaruhusu na wakili hachukui muda. Ila uliza kwanza ni nani anayelala ndani yake, na kama ukilibomoa umemwandalia pa kwenda. Mimi ninachosubiri ni sensa ijayo. Karani atakuja, kijana wa watu na kishikwambi chake, ataniuliza kwa adabu usiku wa kuamkia leo walilala wangapi katika nyumba hii. Na mimi mwalimu wa hisabati, hesabu hiyo sijui nitaijibuje.