Maneno ya Baba kwenye Filamu ya Kimya

Baba alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video pale Sumbawanga. Hata filamu ya kimya ya mchekeshaji wa zamani aliitia maneno kwa maikrofoni. Mwishoni mwanamke anaondoka na treni, jamaa anamkimbilia, anateleza, anabwagika kwenye tope. Siku zote baba alimsemea: "Nenda tu, ugali nitasonga mwenyewe!" Banda zima likaangua kicheko.

Wiki ile mama alipopanda basi la Tunduma na mabegi yake yote, filamu ile ilionyeshwa tena, na treni ilipoanza kuondoka baba aliisogeza maikrofoni mdomoni. Kisha akasema, "Shuka, mama watoto. Watoto wanakuulizia."

Watu walicheka kuliko siku zote. Wapumbavu wale! Nami nilicheka nao, mimi niliyemuulizia mama asubuhi ile ile.