Kingi wa Pili wa Mume Wangu

Mume wangu ni fundi viatu. Mtaani wanamwita Gundi, kwa vile akishakaa mahali habanduki. Miaka minne amekaa kwenye baraza la duka la dawa na benchi lake na kopo la misumari, mwenye duka hana neno. Juzi akawa na neno: anataka pale aegeshe pikipiki yake mpya.

"Bosi, nihurumie, nina mtoto mchanga," mume wangu akamwomba.

Mwenye duka tunamwita Bingwa, kwa ajili ya sataranji. Kombe lake kaliweka katikati ya dawa za kikohozi. Akacheka. "Tucheze, fundi. Nusu saa. Nisipokufunga, kaa hapo mpaka uzeeke."

Mume wangu anajua drafti. Sataranji alielekezwa siku hiyohiyo na mteja aliyekuwa anangoja soli, kiatu kimoja mguuni.

Nilisimama pembeni nikinyonyesha. Bingwa alizila kete za mume wangu kama karanga, huku anahudumia wateja. Dakika ya ishirini mume wangu alibakiwa na mfalme, na askari mmoja anajikongoja pembeni mwa ubao. Bingwa hakumjali, alikuwa anamuuzia mama mmoja dawa ya minyoo. Askari akafika mwisho, na kwenye sataranji akifika huko hugeuzwa kete kubwa yoyote, isipokuwa mfalme.

"Haya, chagua," akasema Bingwa. "Unataka nini?"

"Kingi," akasema mume wangu. Kwenye drafti, kete ikifika mwisho inakuwa kingi, yaani mfalme.

Bingwa alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mpeni! Mpeni hata watatu!" Wateja wakamwekea kifuniko cha chupa ya dawa.

Punde Bingwa akapiga meza. "Mfalme kafungwa! Kusanya nyundo zako."

Mume wangu akamtoa mfalme ubaoni taratibu. "Huyo sawa. Nimebaki na huyu."

"Huyu gani? Hicho kifuniko!"

"Ni kingi, bosi. Umenipa mwenyewe."

"Si tulisikia wote!" akadakia mama wa dawa ya minyoo.

Wakabishana weee, dakika zinakatika. Bingwa akaanza kukiwinda kifuniko kwa malkia na farasi wawili, mpaka mama yule akaonyesha saa ya ukutani. "Nusu saa, baba. Na chenji yangu?"

Siku hizi barazani pana tangazo la wino mwekundu: HAPA MFALME NI MMOJA. Wagonjwa wanalisoma, wanatazamana. Mume wangu kakaa chini yake, anashona.