Waya hadi Kaburini

Mke wangu alikufa Jumanne, na Alhamisi nilikuwa Voi mjini nikinunua waya wa kompyuta. Watu walininyooshea kidole kwa hilo. Waache. Mimi sikupata mtu wa kunifundisha kuishi, nilijifundisha mwenyewe, na sikuona kwa nini nifundishwe namna ya kufiwa.

Sababu ilikuwa binti yetu. Yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumba, na mwajiri wake alikataa kumpa ruhusa. Tulipompigia kumwambia, hakulia. Akasema, "Baba, nataka kumwona mama akishushwa. Usinitumie picha. Nione mwenyewe, saa ile ile. Nisipoona sitaamini."

Nikamwambia, "Utaona." Na mimi nikisema neno, limesemwa.

Shida ni kwamba kwangu Bura, nyumba iko kwenye mkunjo wa mlima na simu haishiki. Mama yake alikuwa anapanda mpaka juu ya shamba la mboga, anasimama kwenye jiwe, ndipo aongee naye. Kaburi nalo lingekuwa chini zaidi, kwenye migomba, mahali alipopachagua mwenyewe. Huko hata redio inakoroma.

Nikamwita binti wa mdogo wangu, ambaye anatengeneza kompyuta Voi. Akazunguka uwanja, akatazama paa, akatazama mnara wa simu ulioko ng'ambo ya bonde.

"Baba mkubwa, inawezekana. Kidishi kinakaa juu ya paa, kinatazama ule mnara. Waya unashuka mpaka kwa ruta sebuleni. Kutoka hapo tunavuta waya mwingine mpaka kaburini, tunaweka ruta ya pili. Nyumba na kaburi zitatumia mtandao mmoja."

"Kama maji."

"Eeh, kama maji tu."

Basi kama ni maji, naelewa. Mimi nilianza kwa kukata mkonge, nikatoka huko nikajifunza mabomba kwa kumtazama fundi aliyekuwa akinituma spana. Darasa la tatu ndilo mwisho wangu. Lakini kutoka hapa mpaka Rukanga kuna nyumba zinakunywa maji niliyoyaleta kwa mikono hii. Nyumba yangu ya mawe imetoka kwenye bomba, na karo ya watoto imetoka kwenye bomba. Cheti sina, na maji hayajawahi kuniuliza cheti.

Nikachukua jembe nikachimba mtaro kutoka mlangoni kuteremka migombani. Vipande vya mabomba ya zamani nilikuwa navyo nyuma ya nyumba, nikavipanga, nikapitisha waya ndani ili watu wasijikwae wala ng'ombe asiutafune. Mdogo wangu akanijia.

"Kaka, kaa chini. Watu wanakuja kukupa pole wanakuta umeinama."

"Wanipe pole mgongoni."

Akina mama wa kanisa walikuwa wanachambua mchele karibu na jiko. Nikamsikia mmoja akisema, "Hata hajalia." Mwingine akamjibu, "Atalia saa ngapi naye ana jembe?" Wakacheka kile kicheko cha matangani, cha kuziba mdomo kwa leso. Niliwasikia vizuri na sikukasirika. Sikuhisi kitu. Ni kama umekalia mguu mpaka ukaingia ganzi. Unauona ni wako, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilipewa uji nikaunywa, na sijui ulikuwa na sukari au la.

Kuunga ncha za waya ule si kazi ya mikono minene. Ndani kuna nyuzi za rangi, na kila rangi ina mahali pake. Ya kwanza niliharibu.

"Hiyo umeikaza kama bomba, baba mkubwa. Umeivunja."

"Nipe nyingine."

"Nitaibana mimi. Wewe shika tochi."

Nikashika tochi. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikashika tochi. Alipomaliza, taa za ruta ya kule chini zikawaka kijani. Ijumaa mchana tukampigia binti yangu tukiwa pale pale kando ya shimo. Picha ilikuja safi. Akauona udongo mwekundu, akaiona migomba. "Ni hapo?" akauliza. Nikasema ndiyo.

Sasa vijana walianza kuja kwa matanga, na simu za siku hizi zinanusa. Mmoja akaniambia, "Babu, hapa kuna waifai! Paswadi ni gani?" Nikamwita binti wa mdogo wangu nikamwambia awape.

"Wote?" akasema. "Mtandao wenyewe mdogo. Ukifungua mifereji yote, wa mwisho hapati kitu."

"Unanifundisha maji?"

"Si wewe umesema ni kama maji?"

"Wape. Chai wanapewa, chakula wanapewa, na hiyo wapewe."

Nilijua anachosema. Niliyajua hayo kabla hajazaliwa. Lakini kwangu hakuna mtu amewahi kuondoka akisema alinyimwa, na matangani ndiko mtu hanyimwi kabisa. Ukimnyima mtu kitu kwenye matanga ya mkeo, atalisema hilo mpaka siku ya matanga yako. Heshima hiyo niliijenga pole pole kuliko nyumba. Kwa hiyo paswadi ikatembea kama sahani ya karanga.

Jumamosi watu walijaa mpaka nje ya hema. Simu ya kuonyesha tuliifunga kwenye nguzo kwa mpira wa tyubu, ikitazama kaburi. Binti yangu akaingia kwenye simu akiwa amejifungia chumba cha kufulia nguo, mashine iko nyuma yake, kitambaa kichwani.

"Wamelala mchana," akasema kwa sauti ya chini. "Wakiamka wataniita."

Padre akahubiri. Waliotaka kusema wakasema, na wengine waliomba dakika moja wakakaa na maiki kama wamerithi. Mimi nilikuwa natazama taa za ruta tu. Jeneza likaletwa, vijana wakapitisha kamba chini yake, wakaliinua juu ya shimo. Hapo simu zote zikainuka. Kila mtu anataka kuonyesha watu wake walioko mbali. Nikageuka kwenye nguzo, na uso wa binti yangu umekwama, jicho moja limefumba nusu.

"Imekatika?" nikauliza.

"Haijakatika," binti wa mdogo wangu akasema. "Imelemewa. Wote wako juu yake."

Nikainua mkono. "Simameni."

Padre akanitazama. "Mzee, kuna nini?"

"Mtoto wake haoni."

Nikachukua maiki. "Nyinyi mlioshika simu, tokeni kwenye mtandao wangu."

Sauti moja nyuma ikasema, "Mzee, jana umetupa, leo unatunyang'anya?" Watu wakacheka. Mwingine akaita, "Babu, mimi niko laivu, ndugu wa Mombasa wanatazama!"

"Ndugu wa Mombasa wangepanda gari," nikamwambia. "Binti yangu hana gari la kupanda."

Hakuna aliyeshusha simu. Mdogo wangu akanishika kiwiko. "Kaka, usituaibishe. Kitu ukishatoa matangani hupokonyi."

Alisema kweli. Hata mimi ningemwambia mtu hivyo hivyo. Nikamgeukia binti yake. "Badilisha paswadi."

"Nikibadilisha wote watatolewa. Lakini ruta itazima kwanza ndipo iwake tena. Itachukua muda kidogo."

"Badilisha."

Taa zikazima. Vijana wa kamba walikuwa wamesimama na uzito wote mikononi, hawawezi kurudi nyuma wala kushusha. "Mzee, mikono," mmoja akasema. Nikamwambia, "Shika." Hakuna aliyeimba. Nikaona migongo ya watu ikipanda kati ya migomba, wanaondoka kabla ya kuzika na kabla ya kula. Mmoja ni rika langu, tuliyekata naye mkonge. Hakugeuka. Nilimtazama mpaka akapotea na sikuhisi kitu.

Taa zikarudi, kwanza nyekundu, kisha kijani. Binti wa mdogo wangu akaiandikia simu ya kwenye nguzo paswadi mpya.

"Baba? Baba, niko."

"Shusheni," nikasema.

Jeneza likashuka. Padre akatupa mchanga wake, nikapewa zamu, nikainama nikachota. Waimbaji wakaanza. Baada ya hapo sijui kilichopita, mpaka binti wa mdogo wangu alipofungua simu kwenye nguzo akaniletea.

"Anakuita, baba mkubwa."

Nikaishika kwa mkono wa kushoto. "Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

Sikuwa namjaribu. Nilikuwa nimesimama pale pale, ukingoni, na kama mtu angeniuliza mimi, nisingekuwa na la kumjibu.

Akaniambia kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, pole pole, kama anamsimulia mtu ambaye hakuwepo. Kwamba jeneza limeshuka upande wa kichwa kwanza, likakaa sawa. Kwamba kamba moja ilikwama na baba mdogo akaivuta. Kwamba ua moja jeupe limeanguka pembeni, halikuingia. Nyuma yake nikasikia mwanamke akiita kwa Kiarabu, akaita tena kwa ukali. Hakuondoka.

"Na nimekuona wewe, baba. Umefunga ngumi. Mchanga hujautupa."

Nikatazama. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, na udongo unatoka kati ya vidole.

"Utupe," akasema. "Nakutazama."

Nikageuza simu ili aone vizuri, nikautupa.