Tone Jekundu Kwenye Nati

Leo dada wa jirani kafungua chupa ya rangi ya kucha, na ile harufu kali ikanirudisha kwenye karakana ya kuunganisha pikipiki, hapa hapa Tunduma.

Nilikuwa mdogo, nimempelekea mama ugali saa ya kubadilishana shifti. Palinuka grisi na matairi mapya. Msimamizi alishika pikipiki iliyorudishwa na mteja, gurudumu linacheza.

"We mama, hii mliiunga shifti yenu. Kesho usije."

Mama alikuwa kibarua tu. Neno kama hilo likitoka, basi.

Hakulia. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwenye nati kwa kitenge.

"Nati nikiikaza mimi naipaka rangi ya kucha, bosi. Hii unaiona rangi?"

Msimamizi akainama. Hamna. Akakagua pikipiki alizounga mama siku hiyo: kila nati ina tone jekundu.

"Kumbe ndo maana kucha zako hazina rangi!" fundi mmoja akadakia. Wakacheka.

"Kucha zinanipa kazi?" mama akamjibu.

"Kesho uwahi," msimamizi akasema.

Mama akala amesimama.

Kesho na mimi naanza pale, shifti ya asubuhi. Ile chupa nimeiomba kwa dada. Kanipa.